Mwandikishaji hakudanganya, aliishia njiani

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa utumishi kwenye kikosi kimoja cha jeshi la nchi kavu la Marekani. Silaha niliyoishika zaidi ilikuwa printa. Likizo, mishahara, vyeo na uhamisho vyote vilipita mezani kwangu, na askari wapya walioleta malalamiko walianza karibu wote kwa namna moja: niliambiwa. Niliambiwa bonasi inaingia yote kwa mkupuo. Niliambiwa nikimaliza mafunzo napelekwa Ujerumani. Niliambiwa nitakuwa nasoma chuo jioni. Niliambiwa ni miaka minne, mbona hapa mmeandika minane? Nami nafungua jalada lake, tunapekua pamoja ukurasa kwa ukurasa, na mara nyingi tunatoka kapa.

Wenzangu pale ofisini walikuwa na jibu lao la mkato: waandikishaji, wale askari wanaolitafutia jeshi vijana wapya, ni waongo, kwisha habari. Mimi sikubaliani nao, na si kwa sababu ya huruma. Uongo wa waziwazi upo, nitaufikia. Lakini wengi wa vijana wale hawakuwa wamedanganywa. Waliambiwa sentensi ya kweli iliyokatwa kabla ya sharti lake. Jeshi litakulipia chuo: kweli. Utachagua kazi yako: kweli. Utapata uraia haraka: kweli. Kila mojawapo ina mkia, na mkia ndio wenye sumu.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana watu wengi wanaibishania bila kuisoma. Anayejiunga na jeshi lolote la Marekani husaini DD Form 4. Huo ndio mkataba. Mengine yote ni viambatisho vyake. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba makubaliano yaliyomo humo na kwenye viambatisho ndiyo ahadi zote ambazo serikali imempa anayesaini. Kinafuatiwa na sentensi iliyochapwa kwa herufi kubwa tupu: chochote kingine ambacho mtu yeyote amekuahidi si halali na hakitatekelezwa. Kijana anaweka herufi za mwanzo za jina lake pale chini, anafungua ukurasa unaofuata.

Kwa mwanasheria, mambo yako wazi kabisa hapo. Sasa mfikirie anayesaini. Ana miaka 18. Ameamshwa hotelini saa kumi usiku, akapakiwa kwenye basi dogo hadi kituo cha upimaji. Ametolewa damu, amekojoa kwenye kikopo mtu akiwa amesimama nyuma yake, ametembezwa mwendo wa bata na chupi yake pamoja na wavulana asiowajua, daktari akitazama magoti. Kisha amekaa kwenye kiti cha plastiki saa nyingi akisubiri jina lake liitwe. Linapoitwa, mshauri anayepanga kazi za jeshini anageuza kompyuta kidogo na kumwambia kuna nafasi hii leo, kesho sijui kama itakuwepo. Mwandikishaji aliyemzoea, aliyempigia simu kila wiki na kumpeleka kula, hayupo chumbani. Yale aliyosimuliwa na yule yanabaki kichwani, na yaliyo mezani ni haya.

Na hata kilichoandikwa kina mlango wa nyuma. Kifungu kingine cha fomu hiyohiyo kinasema sheria na kanuni zinazowahusu wanajeshi zinaweza kubadilika bila anayesaini kuarifiwa, na kwamba mabadiliko hayo yanaweza kugusa hadhi yake, mshahara, posho, mafao na majukumu yake, mkataba useme usemavyo. Upande mmoja una ruhusa ya kubadilisha masharti katikati ya safari. Upande wa pili ukiona yamebadilika na ukaondoka zako, unashtakiwa kwa utoro. Sisemi jeshi lingeweza kuendeshwa vingine. Vita haviahirishwi kwa sababu mkataba wa mpishi umeisha. Ninachosema ni kwamba jambo hili ndilo zito kuliko yote kwenye makaratasi yale, na ndilo ambalo sikuwahi kukutana na askari mpya aliyekuwa amesimuliwa kwa mdomo.

Hiyo miaka minane, kwa mfano. Sheria ya Marekani inamtaka anayejiunga atumikie jumla ya miaka sita hadi minane, na kwa desturi mikataba huandikwa minane. "Miaka minne" anayoitaja mwandikishaji ni ile ya kuamka alfajiri na kuvaa sare. Inayobaki unaimalizia kwenye akiba ukiwa nyumbani, huna mazoezi wala mshahara, ila jina lako liko kwenye orodha. Wengi humaliza muda huo bila hata kukumbuka kwamba ulikuwepo. Lakini mwaka 2004, vita vya Iraq vilipopamba moto, jeshi la nchi kavu lilitangaza kuwarudisha zaidi ya watu 5,000 wa orodha hiyo, watu waliokwisha kuajiriwa kwingine, kuoa na kulea watoto. Wenzao waliokuwa bado kazini walikuta mlango umefungwa mikataba yao ilipoisha, kwa utaratibu uliojulikana kama stop-loss. Askari mmoja wa Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la majimbo, kutoka Oregon aliupinga mahakamani, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikasema serikali ina haki. Mwaka 2009 Kongresi iliamua kuwapa fidia waliozuiliwa tangu Septemba 2001: dola 500 kwa kila mwezi wa ziada, na waliokadiriwa kustahili walikuwa kama 185,000.

Hakuna aliyedanganywa kuhusu hilo. Hakuna aliyelieleza, basi.

Tuje kwenye chuo, maana hicho ndicho chambo kikubwa. Mpango wa elimu unaoitwa Post-9/11 GI Bill ni mzuri kwelikweli. Nimeutumia mwenyewe, sitaubeza. Ukitumikia miezi 36 unapata kiwango kamili: ada yote ya chuo cha umma ukiwa mkazi wa jimbo hilo, posho ya nyumba na fedha za vitabu. Sasa mkia wake: lazima uachishwe jeshi kwa heshima kamili. Chini ya daraja hilo kuna lingine, la kuachishwa "kwa ujumla, katika hali ya heshima". Kwa sikio la mtu wa kawaida linasikika vizuri tu. Ukipewa hilo, hospitali za maveterani zitakupokea na mkopo wa nyumba unaweza kuupata, ila chuo ndiyo basi.

Namkumbuka askari mmoja aliyekuja kuchukua DD 214 yake, ile karatasi ya kuagia jeshi. Alikuwa amekutwa na bangi kwenye mkojo, miaka mitatu na ushei ya utumishi safi nyuma yake. Alishuka na kidole kwenye visanduku vya fomu mpaka akafika pale palipoandikwa aina ya kuachishwa, akaona neno "heshima", akashusha pumzi. Akaniuliza aanzie ofisi gani kuomba chuo. Ikabidi nimwambie. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mwandikishaji wake alimwambia akishatimiza miaka mitatu, chuo ni chake, hakuna wa kumnyang'anya. Nadhani mwandikishaji alisema hivyo, na nadhani aliamini anachosema, kwa sababu kwa wengi ndivyo inavyokuwa.

Bonasi zina habari zake. Januari 2022 jeshi la nchi kavu lilitangaza bonasi ya kujiunga ya hadi dola 50,000 kwa atakayesaini miaka sita kwenye kazi fulani fulani. Tangazo lilienea haraka, na kwa waliolipokea kwa simu za ndugu ile "hadi" ilishadondoka njiani. Wanaofikia kiwango hicho ni wale ambao kazi yao, alama zao za mtihani na tarehe yao ya kuondoka vimekutana sawasawa. Fedha hukatwa kodi, mara nyingi hulipwa kwa mafungu, na usipomaliza muda wako unaweza kudaiwa ulichokula.

Wazee wa jeshi wana dawa yao kwa haya yote: hakikisha imeandikwa. Ni ushauri mzuri na mimi nimeutoa mara nyingi. Lakini wa California walikuwa nayo maandishi. Wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan, Walinzi wa Taifa wa jimbo hilo waliwapa askari bonasi, nyingi zikiwa za dola 15,000 au zaidi, ili wasaini tena. Ziliandikwa, zikasainiwa, zikalipwa, na watu wakaenda vitani. Baadaye ukaguzi ukaonyesha kwamba wengi wao hawakustahili au makaratasi yao yalikuwa na kasoro. Msimamizi wa bonasi hizo alikiri mahakamani mwaka 2011 kwamba alipeleka madai ya uongo, akafungwa. Ungetegemea mambo yaishie hapo. Badala yake karibu askari 10,000 walitakiwa kurudisha fedha au kuthibitisha kwamba walizistahili, watu ambao wengine walikuwa wameumia vitani, na waliochelewa kulipa wakatozwa riba. Gazeti la Los Angeles Times lilipoianika habari hiyo mwaka 2016, waziri wa ulinzi Ash Carter aliamuru ukusanyaji usimame.

Ndiyo maana nasita ninapowasikia watu wakisema kosa ni la kijana aliyesaini bila kusoma. Wale walisoma. Wale walikuwa askari wazoefu. Aliyepaswa kujua kama ahadi ile inaruhusiwa ni yule aliyeitoa, na deni likaangukia kwa aliyeiamini.

Haya, uongo wenyewe sasa. Mwaka 2005 jeshi la nchi kavu lilitaka watu 80,000 na likapata kama 73,000. Magari yalikuwa yakilipuliwa Iraq kila jioni kwenye taarifa ya habari, na wazazi walikuwa wakikata simu wakisikia anayepiga ni sajini. Masika ya mwaka huo mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Colorado, mvulana wa miaka 17 aliyekuwa akiandika kwenye gazeti la shule yake, aliingia ofisi ya uandikishaji akijifanya ameacha shule na ni mtumiaji wa bangi. Alirekodi yaliyofuata. Aliambiwa ajitengenezee cheti cha shule ya kubuni kupitia intaneti, na akaelekezwa dawa ya kusafisha mwili ili apite kipimo cha mkojo. Huko Houston kijana mwingine alikuta ujumbe kwenye simu yake kwamba asipofika kwenye miadi na mwandikishaji atatolewa hati ya kukamatwa. Mei 20 jeshi likasimamisha uandikishaji nchi nzima kwa siku moja ili kuwakumbusha waandikishaji maadili.

Siku moja. Kesho yake lengo la mwezi lilikuwa palepale.

Mwaka uliofuata, GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi na mwenendo wa serikali, ilitoa ripoti yake. Tuhuma za ukiukaji zilikuwa zimepanda kutoka kama 4,400 mwaka wa fedha 2004 hadi kama 6,500 mwaka 2005, na zilizothibitishwa kutoka zaidi ya 400 hadi karibu 630. Mtu anaweza kusema hizo ni chache kwa jeshi kubwa namna ile. Mimi nasema kinachothibitishwa ni kile kilichoacha alama: cheti cha kughushi, ujumbe wa simu, kinasa sauti. Sentensi iliyoishia njiani haiachi alama yoyote, na huwezi kumshtaki mtu kwa maneno ambayo hakuyasema. Kilichonivutia zaidi kwenye ripoti ile ni maelezo ya jinsi waandikishaji wanavyopimwa: wanahesabiwa hasa watu walioingia, siyo waliomaliza hata mafunzo ya awali. Kikosi cha Marine ndicho kilichokuwa kikiangalia pia waliokatika njiani.

Watu wa nje hudhani mwandikishaji ni mtu aliyeipenda kazi hiyo akaiomba. Wapo. Lakini wengi jeshini huchaguliwa tu kwenye orodha: fundi wa magari, mtu wa mizinga, muuguzi, anaambiwa miaka mitatu ijayo utavaa sare safi na kuzunguka kwenye shule za sekondari za mji usioujua. Ana lengo la mwezi. Akilikosa, anaitwa kujieleza. Akilikosa tena, Jumamosi zake zinakwenda, kisha na jina lake. Kati ya mwaka 2005 na 2008 waandikishaji wanne wa kikosi cha uandikishaji cha Houston walijiua, jeshi likachunguza mazingira ya kazi yao, na Februari 2009 uandikishaji ukasimamishwa tena kwa siku moja kote nchini ili kulizungumzia. Kwa hiyo nikisema mtu huyu anakata sentensi kabla ya sharti, nisieleweke kwamba namwona shetani. Naona mtu ambaye sentensi kamili ingemgharimu yeye, wakati sentensi nusu itamgharimu mtu mwingine, mwaka kesho, kwenye kambi ya mbali.

Kuna jambo moja ambalo hapo silaumu mfumo peke yake. Ni la afya. Kwa miaka mingi kulikuwa na ushauri uliotolewa kwa sauti ya chini ndani ya gari, njiani kwenda kituo cha upimaji: fomu ya afya ina maswali mengi, wewe weka "hapana" mpaka chini. Pumu ya utotoni, kidonge cha usingizi, mkono uliovunjika ukapigwa chuma, usitaje. Zamani ilipita, kwa sababu hapakuwa na njia rahisi ya kujua. Mwaka 2022 vituo vya upimaji vilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao MHS Genesis, unaoweza kuvuta rekodi za hospitali za kiraia, na siri nyingi zikaanikwa. Wanaojiunga wakapungua, wakubwa wakalalamika kwamba mfumo unachelewesha. Hawakulisema, lakini malalamiko hayo yenyewe yalikuwa ushahidi wa ni wangapi waliokuwa wakipitia kwenye ile "hapana".

Kisheria wote wawili wana kosa. Kifungu cha 104a cha sheria ya kijeshi kinamhusu anayejiunga kwa udanganyifu, na 104b kinamhusu anayemwingiza akijua hafai. Ila jina lililo chini ya fomu ya afya ni la kijana. Askari aliyeletwa kwangu afutiwe utumishi kwa sababu ya pumu ambayo hakuitaja aliniambia kwamba alishauriwa asiitaje. Niliamini. Sikuwa na pa kuliandika hilo, kwa sababu fomu ya kumwondoa haina kisanduku cha nani alimshauri.

Na kuna vitisho. Kijana akishasaini mara ya kwanza, mara nyingi haendi siku hiyohiyo. Anawekwa kwenye mpango wa kusubiri unaoweza kufika mwaka mmoja, akimaliza shule au akingoja nafasi ya mafunzo. Katika muda huo akibadili mawazo anaweza kujitoa, na hafungwi wala hatozwi. Kanuni za uandikishaji zinakataza kabisa kumtisha au kumzuia. Bado nimezungumza na zaidi ya mama mmoja aliyepigiwa simu na kuambiwa mwanawe atakuwa mtoro wa jeshi. Huo ni uongo, hauna mkia wa kutafuta.

Siku hizi wanaonitafuta ni vijana wa kwetu wenye grinikadi, kibali cha ukazi wa kudumu Marekani, na swali lao kubwa ni uraia. Mtoto wa rafiki yangu aliniomba nimsindikize. "Anti, wewe unawajua hawa, twende unisikilizie." Tulimkuta sajini kijana, mpole, aliyetukaribisha kwa heshima na kutuuliza tunatamkaje jina la kijana wangu. Akasema uraia unaweza kutoka ukiwa bado mafunzoni. Ni kweli. Marekani imehesabiwa kuwa katika kipindi cha uhasama tangu Septemba 11, 2001, na sheria inamruhusu mwanajeshi kuomba uraia bila kungoja ile miaka mitano anayongoja mwenye grinikadi asiye mwanajeshi.

Nikamuuliza: akirudishwa nyumbani wiki ya sita kwa sababu ya mguu, ombi lake linakuwaje? Akanyamaza kidogo, akasema hilo inabidi tuwaulize watu wa uhamiaji. Jibu la kiungwana. Nikamuuliza kama anajua kwamba uraia uliopatikana kwa njia ya jeshi unaweza kufutwa, mtu akiachishwa kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi mwema. Hakuwa anajua. Aliandika kwenye daftari lake, na sikuona dalili kwamba anaigiza.

Hapo ndipo palipo na ugumu ambao neno "mwongo" haliusaidii. Huwezi kusema kweli yote kama mwenyewe umepewa nusu. Na upande wa uraia, nusu hiyo nayo imekuwa ikisogezwa. Oktoba 2017 wizara ya ulinzi iliweka sharti kwamba askari asiye raia atumikie kwanza siku 180 ndipo apate karatasi ya kuthibitisha utumishi wake kwa ajili ya ombi. Jaji wa shirikisho akalifuta Agosti 2020. Katikati ya hapo waliahidiwa wengi kwa utaratibu wa zamani wakafika kambini wakikuta mpya. Mpango mwingine, MAVNI, uliidhinishwa mwishoni mwa 2008 ili kuwachukua wageni hata wasio na grinikadi, mradi wana lugha adimu au taaluma ya afya. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Zaidi ya watu 10,000 waliingia kwa njia hiyo kabla haujasimamishwa mwaka 2016, na waliokuwa wamesaini bila kuanza mafunzo wakabaki wakingoja uchunguzi wa usalama usiokwisha, baadhi hadi viza zao zikaisha. Wapo pia walioamini kwamba kiapo cha jeshi peke yake kimewafanya raia, wasijaze fomu yoyote. GAO ilihesabu mwaka 2019 kwamba katika miaka ya fedha 2013 hadi 2018 maveterani wasio raia wapatao 250 walifunguliwa mashauri ya kufukuzwa nchini, na 92 wakaondolewa kweli.

Kijana wetu alitoka pale na viambatisho vya mfano ambavyo sajini alimchapia, baada ya mimi kuviomba mara mbili. Akakaa navyo nyumbani. Hilo ndilo ningelipigania kama ningepewa jambo moja tu: mkataba usomwe nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kiti kile cha plastiki, pamoja na ukurasa mmoja wa mikia yote, kwa lugha ambayo mama yake anaielewa. Haligharimu kitu. Matangazo yanapatikana kwa lugha nyingi. Kifungu cha herufi kubwa kinapatikana kwa Kiingereza.

Mtu atasema Marekani angalau kuna cha kusoma, na nitamkubalia. Urusi ilipotangaza uhamasishaji Septemba 2022, amri iliyotiwa saini na Rais Putin ilisema mikataba ya wanajeshi waliokwisha kusaini itaendelea kuwa na nguvu mpaka uhamasishaji utakapokoma. Aliyesaini miezi sita akajikuta hana tarehe. Wageni wanaendelea kushawishiwa kwa mishahara na pasipoti, na kupewa karatasi za Kirusi wasizoweza kuzisoma. Kwa hiyo ndiyo, kuna ngazi. Lakini kuwa juu ya Urusi kwenye ngazi hiyo si jambo la jeshi lolote kujivunia.

Nina rafiki aliyefanya uandikishaji miaka yake mitatu, akamaliza kwa tuzo. Ni mtu mwema. Watoto wangu wanamwita mjomba. Nilimsomea sehemu ya haya kabla sijayaweka hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba angekuwa anawasimulia yote hayo, nusu ya walioketi mbele yake wangenyanyuka na kuondoka.

Nikamwambia wengi waliondoka vilevile. Karibu theluthi ya wanaoingia hawafikishi mwisho wa mkataba wao wa kwanza, hilo linajulikana miaka mingi. Ila hawakuondokea ofisini kwako, waliondokea mezani kwangu, magoti yameharibika, wana karatasi ambayo kila mwajiri atataka kuiona.

"Najua," akasema. "Lakini kufikia hapo walikuwa hawahesabiwi kwangu tena."